Bweni Linaloanzia Tsoka

Soko la Tsoka halikuwekwa kwa ajili ya wanafunzi. Liko upande wa mji wa zamani wa Lilongwe, kando ya mto uliolipa jiji jina lake, na Mmalawi akilisikia likitajwa hufikiria kwanza kaunjika: mashati, makoti, viatu, mapazia na mashuka ambayo Ulaya na Marekani wamekwisha kuyachoka. Mtanzania huviita mitumba kwa kuwa vilikuja vimefungwa marobota. Mmalawi huviita kaunjika kwa kuwa vimerundikwa chini, lundo juu ya lundo. Mzigo ni mmoja. Huyu kaupa jina ungali umefungwa, yule kaupa jina ulipokwisha kufunguliwa.

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, kwenye malundo hayo hujitokeza wanunuzi wa aina yake. Hawana haja na shati la kwendea harusini. Wanapima blanketi kwa pima za mikono, wananusa shuka, wanauliza kama pazia hili lina mwenzake. Wakitoka hapo wanavuka kwenda kutafuta ndoo yenye mfuniko, kufuli, ekstensheni ya matundu manne na hita ile ya kutumbukiza ndani ya ndoo ambayo kila hosteli huipiga marufuku na kila hosteli huwa nayo. Ukitaka kujua chuo kinampa nini mwanafunzi wake, usisome kipeperushi cha chuo. Tazama alichobeba siku anayoripoti.

Jina la soko nalo lina kisa chake. Kwa Kichewa, tsoka ni mkosi, ni bahati mbaya. Mgeni anayejua Kiswahili peke yake hupita akinunua kwa furaha bila kujua kuwa yuko katikati ya mkosi. Na akipanda gari kuelekea kaskazini, kilomita arobaini na kitu, hadi wilaya ya Dowa, atafika mahali pengine penye jina lisilo na heri: Dzaleka, neno lililotokana na usemi wa mtu anayeapa kuwa hatarudia tena. Lilikuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, na waliofungwa humo kwa siasa walitakiwa watoke na kiapo hicho mdomoni.

Tangu 1994 Dzaleka ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya elfu kumi na elfu kumi na mbili. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, kisha Burundi na Rwanda, na wachache kutoka Ethiopia na Somalia. Mtu wa Uvira, mtu wa Bujumbura na mtu wa Butare hukutania kwenye Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, ndiyo maana hata majina ya mambo makubwa ya pale ni ya Kiswahili: redio ya jamii inaitwa Yetu, na tamasha lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, aliyekuwa mkimbizi hapo hapo, linaitwa Tumaini. Hayo yameandikwa sana. Kisichoandikwa sana ni kwamba Dzaleka pia ni mji wa chuo kikuu, na kwamba mji huo wa chuo kikuu hauna bweni hata moja.

Elimu ya juu ilifika pale mwaka 2010. Wajesuti walichagua sehemu tatu za kujaribia wazo lao la kufundisha kwa mtandao watu walio pembezoni: Kakuma nchini Kenya, Aleppo nchini Syria, na Dzaleka. Wanafunzi wangesoma diploma ya miaka mitatu, na cheti kingetolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Wa kwanza walihitimu 2013. Baadaye kikaja Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire, nacho cha Marekani, na shahada isiyo na ukumbi wa mihadhara wala mtihani wa mwisho wa muhula. Mwanafunzi hupewa kazi, huifanya, huituma, na jibu huwa moja kati ya mawili: umeimudu, au bado. Akiambiwa bado, huirudia. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yamejibiwa na ofisi za watu kwa neno hilo hilo, angalau hii bado ina maelezo ya nini cha kurekebisha.

Elimu ya masafa ina jambo moja inaloliamini kimyakimya: kwamba mwanafunzi ana nyumba. Ana meza, ana taa, ana maji ya bomba, ana mlango wa kufunga watoto wasiingie. Chuo kinajiondolea mzigo wa kulisha, kulaza na kuwasha taa kwa kuwa mzigo huo tayari kaubeba mtu mwingine. Dzaleka hakuna huyo mtu mwingine. Nyumba ya matofali ya udongo yenye vyumba viwili huwa na watu sita, saba, wanane, na mwanafunzi wa shahada ya Marekani ni mmoja tu kati yao. Kwa hiyo kila huduma ambayo mwenzake wa chuo cha kawaida huikuta bwenini, yeye huitafuta kipande kwa kipande, kila kipande mahali pake na kwa saa yake.

Umeme kwanza. Mwalimu aliye Marekani anapofungua kompyuta yake asubuhi, Dzaleka tayari ni alasiri na jua limebakiza saa chache. Mazungumzo ya darasa yanapoanza kunoga ndipo giza linaingia. Nyumba nyingi za kambi hazina waya wa umeme, na zilizonao hulitegemea shirika la umeme la Malawi, ESCOM, ambalo nalo huutegemea mto Shire. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu bwawa la Kapichira, mtambo wa karibu megawati 130, na nchi nzima ikapungukiwa na sehemu ya umeme iliyochukua zaidi ya mwaka kurudishwa. Mkongomani husema courant imeenda. Mwenyeji husema magetsi azima. Mwanafunzi aliyekuwa aya ya tatu ya insha yake huwa hana la kusema katika lugha yoyote.

Ndiyo maana vibanda vya kuchajia ni sehemu ya chuo, iwe chuo chenyewe kinakubali au hakikubali. Kinyozi mwenye betri na paneli ya jua huweka kipande cha ubao chenye matundu ya plagi, na simu hupangwa hapo kama samaki mnadani, kila moja na karatasi ya jina. Kwa wengi simu ndiyo kompyuta. Insha ya kurasa kumi huchapwa kwa kidole gumba, huhifadhiwa, kisha hupelekwa kwenye chumba cha kompyuta cha Wajesuti ili ipangwe ipendeze. Na bado kuna bando. Bando la intaneti Malawi si la bei rahisi kwa mtu mwenye mshahara, sembuse kwa anayeishi kwa mgawo. Mhadhara wa video wa dakika arobaini unaweza kumeza fedha ya mboga ya siku mbili. Wajuzi hupakua usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi, na kugawiana mafaili kwa bluututhi kama jirani wanavyogawiana chumvi.

Maji nayo yana ratiba yake. Malawi husema mjigo, yaani kisima cha pampu ya mkono. Pampu iliyoenea zaidi nchini ni Afridev, na inafaa kusemwa hapa, hata kama ni kutoka nje ya njia kidogo, kwamba ni kifaa chenye uzazi wa huku kwetu: mfano wake wa mwanzo ulibuniwa Malawi miaka ya 1980 na kuboreshwa Kenya, ukikusudiwa kuwa pampu ambayo wanakijiji wenyewe wanaweza kuifungua na kubadilisha mipira yake. Kwenye foleni ya mjigo ndoo hukaa badala ya watu. Msichana anayesoma shahada hupanga ndoo yake alfajiri, hurudi kwenye somo, hutuma mdogo wake aangalie imefika wapi. Na hapa ndipo tofauti ya msichana na mvulana inapojitokeza wazi kuliko katika takwimu zozote za udahili, kwa kuwa katika nyumba nyingi ndoo haina jinsia kwenye sarufi lakini ina jinsia kwenye foleni. Bweni lingemwondolea saa mbili za siku. Hakuna ufadhili wa masomo unaoandika saa mbili hizo kwenye bajeti.

Kipande kingine ni utulivu, nacho ndicho adimu kuliko vyote. Waliokosa utulivu nyumbani wamejitafutia mahali pa kukutania. Kituo cha kufundisha utengenezaji wa programu kilichoanzishwa na Remy Gakwaya, mkimbizi aliyejifunza fani hiyo akiwa kambini, kimekuwa kwa vijana wengi darasa na pia ile sebule ya bweni wasiyokuwa nayo: viti, umeme, wenzako wanaohangaika na tatizo lile lile, na mtu wa kumuuliza. Kuna makanisa yanayofunguliwa mchana wa siku za kazi kwa sababu hiyo hiyo. Wachungaji wanajua kuwa si kila aliyeinamisha kichwa kwenye benchi la nyuma anasali.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asijione kuwa mbali na haya. Bweni la chuo kikuu Afrika Mashariki na Kati limekuwa finyu kwa muda mrefu, na ufinyu huo umezaa msamiati. Mlimani, Dar es Salaam, mwanafunzi asiye na chumba hulala kwenye kitanda cha mwenzake, na jambo hilo huitwa kubebana. Kuna anayebeba na kuna anayebebwa. Nairobi aliyeingia kwa njia hiyo huitwa pirate, haramia wa baharini. Kinshasa na Lubumbashi, ambako jengo la wanafunzi huitwa home, anayelala humo bila kuandikishwa ni maquisard, mpiganaji wa msituni. Nchi tatu, kitendo kimoja. Kongo wameona vita, Kenya wameona wizi wa meli, na Tanzania wameona mtu aliyembeba mwenzake mgongoni. Mtu anaweza kuandika historia fupi ya nchi hizi kwa maneno hayo matatu tu.

Serikali zimejaribu. Tarehe 15 Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua Mlimani hosteli zilizopewa jina lake: majengo 20, nafasi 3,840, kwa shilingi bilioni 10, kazi ikifanywa na Wakala wa Majengo badala ya mkandarasi binafsi. Kubebana kukapungua. Mwisho wa mwaka huo huo picha za nyufa zikasambaa mitandaoni, Wakala ukaeleza kuwa ni viungio vilivyoachwa makusudi ili jengo litanuke na kusinyaa, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ikawa na mafundi ujenzi wa mdomoni. Jambo moja halikubishaniwa na yeyote: kwamba kitanda cha mwanafunzi ni suala la taifa.

Malawi nako wanafunzi wanaojiwezesha hupanga nje ya uzio. Pale Bunda, kusini magharibi mwa Lilongwe, kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili, biashara ya kupangisha vyumba kwa wanafunzi imegeuka kuwa zao jingine pembeni ya mahindi na tumbaku. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliyoanzishwa 2015, huwapa Wamalawi wenye uhitaji fedha za ada na za kujikimu, na fedha za kujikimu zikichelewa, kila mwenye duka la karibu na chuo huwa mfadhili wa elimu ya juu bila kutaka. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa siku moja. Blanketi la kaunjika, ambalo robota lake hununuliwa kwa dola, halikuhitaji kusubiri wachumi walieleze.

Mkimbizi anayepata nafasi ya kusoma Lilongwe huingia kwenye mfumo huu akiwa na mzigo mmoja zaidi, wa karatasi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti kwenye vifungu kadhaa, kikiwamo cha uhuru wa kwenda mkimbizi anakotaka, kwa hiyo makazi yake kisheria ni kambini. Machi 2021 serikali iliagiza waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Mahakama ikasimamisha kwa muda. Mei 2023 vyombo vya usalama vikaanza kuwakusanya watu Lilongwe na kwingineko na kuwarudisha kwa magari. Katika mazingira hayo chumba ndani ya uzio wa chuo kina thamani ambayo mwanafunzi mwenyeji haioni. Kwake ni kitanda. Kwa mkimbizi ni kitanda na pia anwani inayoeleweka: barua ya chuo, namba ya chumba, msimamizi anayeweza kusema ndiyo, huyu ni wetu. Aliyepanga mtaani ana risiti ya mwenye nyumba tu, kama mwenye nyumba alitoa risiti.

Wapo waliopita njia hiyo na kufika. Innocent Magambi, aliyezaliwa kambini kwa wazazi Warundi na kuhama kambi hadi kambi mpaka Dzaleka, alisoma African Bible College, chuo cha bweni cha Lilongwe kilichofunguliwa 1991, na akaanzisha shirika la There Is Hope ambalo leo husomesha wakimbizi na wenyeji wa Dowa pamoja. Wengine hubebwa na ufadhili wa DAFI, unaotolewa na Ujerumani kupitia shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa tangu 1992 na wenye jina la Albert Einstein, ambaye naye alikimbia kwao. Sifa yake kubwa, kwa macho ya makala hii, ni ya jikoni: haulipi ada peke yake bali pia pango, chakula, nauli na vitabu. Aliyeutunga alijua kuwa mtu hasomi kwa ada.

Na kuna njia ya tatu, ndefu zaidi, ambayo kila Septemba hugeuza mazungumzo ya Dzaleka. Shirika la WUSC la Kanada limekuwa likipeleka wakimbizi vyuoni kule tangu 1978, na Dzaleka ni mojawapo ya vituo vyake vya kuchagulia. Ushindani ni mkali na maandalizi huchukua karibu mwaka mzima, mtihani wa Kiingereza ukiwamo. Kilicho cha pekee ni nani analipa. Vyuoni humo wanafunzi wa Kanada hupiga kura wakatwe dola chache kila mmoja kwenye karo yao, na makato hayo ndiyo yanayomlipia mgeni mmoja au wawili ada, chumba na mlo wa mwaka wa kwanza. Yaani kijana wa Toronto au Winnipeg ambaye hajawahi kuisikia Dowa ndiye kalinunua godoro.

Godoro hilo huwa na shuka juu yake. Waliotangulia hulisimulia jambo hili kwa wanaofuata kwa umakini kuliko wanavyosimulia masomo. Kuna kadi ya kula, unaigusisha na mlango wa ukumbi wa chakula unafunguka, na hakuna anayeuliza umekula mara ngapi. Kuna mashine za kufulia chini ya jengo zinazotaka sarafu au kadi, na ukichelewa kutoa nguo utazikuta juu ya meza zimewekwa na mtu usiyemjua, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa vizuri ni aibu kidogo. Kuna maji ya moto kwenye bomba lile lile la maji baridi. Kuna kengele ya moto inayosikia harufu ya kitunguu kabla hakijawa cha dhahabu, na ghorofa nne za watu zikatoka nje kwenye theluji wakiwa na kandambili kwa sababu ya mchuzi wa mtu mmoja. Wanachokosa ni kelele. Baada ya nyumba ya watu wanane, chumba cha mtu mmoja chenye mlango unaojifunga wenyewe kinahitaji kuzoewa, na wapo wanaoacha redio ikizungumza usiku kucha.

Siku ya kuondoka, msafiri hukabidhiwa mfuko mweupe wa plastiki wenye nembo ya buluu ya shirika la uhamiaji la IOM, uliojaa hati, na huambiwa asiuachie mpaka afike. Mizigo mingine ina uzito wake uliopangwa, kwa hiyo ndugu hukaa chini kuamua kipi kiende. Vitenge vinaenda, unga wa ugali unabishaniwa. Ndoo inabaki, kufuli linabaki. Ekstensheni ya Tsoka, iliyowasha usiku mwingi wa masomo, nayo inabaki: plagi yake ni ya pini tatu za pembe nne za Kiingereza, na matundu ya Kanada ni membamba na bapa. Hita nayo haina kazi. Umeme wa kule ni volti 120, nusu ya wa Malawi, na hata ukiipatia kiunganishi itatoa robo tu ya joto lake. Ndoo iliyokuwa ikichemka kwa dakika ishirini ingechukua zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo vyote viwili huachiwa mdogo mtu, ambaye mwaka huu anafanya mtihani wa kidato cha nne.